Kuandaa Mchezo Shirikishi wa Sokoni Hadi Dai la Wachuuzi Liingie Kwenye Bajeti

Mchezo shirikishi ni igizo fupi linalochezwa mbele ya wale wale wanaoonewa, likasimamishwa pale mnyonge anaposhindwa, kisha mtazamaji akaitwa uwanjani achukue nafasi ya mnyonge huyo na kujaribu njia nyingine. Mbinu hii iliasisiwa na Augusto Boal wa Brazil, ambaye alikamatwa na kuteswa na utawala wa kijeshi wa nchi yake mwaka 1971, akaenda uhamishoni, na baadaye, alipokuwa diwani wa Rio de Janeiro kuanzia 1993 hadi 1996, akaitumia kukusanya mapendekezo ya wakazi na kuyageuza kuwa sheria za mji. Sisi tumeitumia katika masoko ya pwani ya Kenya. Mfano nitakaoufuata ni wa choo cha soko kilichokuwa kimefungwa kwa kufuli ilhali wachuuzi walitozwa ushuru kila asubuhi.

Hatua ya 1: Chagua dai moja na umtambue mwenye uwezo wa kulitimiza

"Tunapinga ufisadi" si dai, kwa sababu hakuna afisa anayeweza kuulizwa ametimiza au hajatimiza. Dai ni "choo kifunguliwe, kiwekewe maji, na fedha za kukitunza zitengwe katika bajeti ijayo." Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaweka masoko mikononi mwa kaunti, kwa hiyo dai hili halina haja ya kupelekwa Nairobi.

Hatua ya 2: Tafuta nyaraka kabla ya kutunga

Andika barua ya kuomba bajeti ya soko na hesabu za ushuru. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inampa afisa siku 21 za kujibu, basi anza mapema. Katika muda huo, kaa na wachuuzi kwenye meza zao, uwasikilize wanavyozungumza na karani wa ushuru, maana maneno hayo ndiyo yatakayoubeba mchezo. Usipojibiwa, nakala ya barua yako iliyopigwa muhuri wa mapokezi ni kifaa kizuri cha jukwaani.

Hatua ya 3: Ifuate kalenda ya bajeti

Makadirio ya kaunti hutakiwa kufika katika bunge la kaunti kabla ya 30 Aprili kupita, na mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Cheza kwa mara ya kwanza Februari au Machi, makadirio yakiwa bado yanaandaliwa, halafu urudi Mei wakati kamati ya bajeti inaposikiliza maoni ya umma. Nimeona michezo mizuri sana ikichezwa Agosti, watu wakalia, na hakuna kilichobadilika kwa kuwa fedha zilikuwa zimekwisha kugawanywa.

Hatua ya 4: Tunga igizo la dakika 15 ambamo mnyonge anashindwa

Hapa ndipo vikundi vingi hukosea, na sisi tulikosea vilevile. Katika mchezo wetu wa kwanza, mchuuzi alimkabili karani kwa maneno makali, karani akaona haya, choo kikafunguliwa. Watu walipiga makofi na vigelegele wakarudi kwenye biashara zao, na kufuli la kweli likabaki mahali pake mwaka mzima, kwa sababu tulikuwa tumewapa ushindi wa bure ambao hawakuutolea jasho. Tangu hapo, igizo letu huishia pale mchuuzi anapofunga meza yake saa nne asubuhi kwenda kujisaidia nyumbani, akirejea anakuta wateja wameondoka.

Usimtaje mtu wa kweli. Wahusika waitwe kwa kazi zao: karani, mchuuzi, msimamizi wa soko. Jina la mtu humfungulia mlango wa kesi ya kashfa, na pia huwafanya watazamaji wadhani kwamba akiondoka huyo mmoja mambo yatanyooka.

Hatua ya 5: Fanyeni mazoezi mbele ya watu

Kule Kamĩrĩĩthũ, Limuru, mwaka 1977, wakulima na wafanyakazi walifanya mazoezi ya mchezo wa Kigĩkũyũ, Ngaahika Ndeenda, hadharani na wanakijiji wakawarekebisha waigizaji namna kazi fulani inavyofanywa na namna mzee anavyozungumza. Serikali ilifuta kibali cha mchezo ule Novemba mwaka huo huo, na mwaka 1982 ikaubomoa ukumbi wenyewe. Nawakumbusha vijana wetu habari hiyo ili waelewe uzito wa mchezo ambao watu wameukubali kuwa wao.

Hatua ya 6: Toa taarifa polisi

Kifungu cha 33 cha Katiba kinalinda uhuru wa ubunifu wa sanaa, na cha 37 kinalinda haki ya kukusanyika kwa amani bila silaha. Hata hivyo, Sheria ya Utulivu wa Umma inataka mkuu wa kituo cha polisi apewe taarifa ya mkutano wa hadhara kati ya siku 3 na 14 kabla, ikionyesha mahali na saa, ambayo iwe kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Hiyo ni taarifa, si ombi la ruhusa, na barua yako iandikwe hivyo.

Hatua ya 7: Siku ya mchezo, mpe mtazamaji uwanja

Ngoma ilie kwanza, watu wakae kwa duara. Igizo likiisha, mwezeshaji aeleze kwamba litarudiwa, na yeyote atakayeona mchuuzi anakosea apaze sauti aseme "Simama!" kisha aingie. Anayebadilishwa ni mnyonge pekee. Ukiruhusu karani abadilishwe, kila mtu atamgeuza kuwa malaika, nasi hatuna uwezo huo nje ya duara.

Mwezeshaji asihubiri. Baada ya kila jaribio aulize: "Akina mama, akina baba, hili kesho asubuhi linawezekana?" Kimya kikitanda, asikiogope. Siku moja, baada ya kimya kirefu, aliingia mama muuza uji. Hakugombana na karani. Aliwageukia wachuuzi wa kwenye igizo akawaambia watunze stakabadhi zote za ushuru za mwezi mmoja wazijumlishe, ili kaunti ionyeshwe kiasi inachokusanya hapo. Kati yetu tuliotunga, hakuna aliyekuwa ameliwazia hilo.

Hatua ya 8: Andika, saini, peleka

Mwanakikundi mmoja kazi yake iwe kuandika kila pendekezo lililotolewa uwanjani. Kabla watu hawajatawanyika, wasomewe dai upya kwa sauti, wanaokubali watie saini, na wasiopenda kupigwa picha waheshimiwe. Sheria ya Serikali za Kaunti inampa kila mtu haki ya kupeleka ombi katika bunge la kaunti. Ambatanisha stakabadhi zilizojumlishwa.

Majibu yakija, yawe mazuri au mabaya, rudini na ngoma katika soko lile lile myasome mbele ya wachuuzi waliotia saini. Siku tuliposoma kwamba choo kimetengewa fedha, muuza uji aliomba aione karatasi, akatafuta mstari wa soko lake kwa kidole, kisha akauliza kazi itaanza tarehe ngapi.