Unauza nyumba isiyo na hati? Soma hii kwanza

Jamani wenye nyumba maeneo ambayo hayajapimwa, yani una karatasi ya mauziano ya serikali ya mtaa tu, mteja akikwambia anasubiri mkopo wa benki msimsubiri, benki kwa kawaida haitaikubali hiyo nyumba iwe dhamana, utakaa miezi na bei itashushwa bure. Mwambie dalali tangu siku ya kwanza ni keshi tu. Na kama mtaani kwenu urasimishaji (kupima maeneo yaliyojengwa bila kupimwa ili wenye nyumba wapate hati) unaendelea, lipia, fuatilia mpaka hati itoke, hapo hata mteja wa mkopo anaweza kuja.

Huwezi kusubiri? Basi andaa faili: mauziano ya zamani, risiti za kodi ya jengo, majirani wa mipaka wasaini, na mwenza wako aridhie kwa maandishi, maana hapa Tanzania Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu kuuza nyumba ya familia kimyakimya, na hapa ndo kesi nyingi zinaanzia nawaambia ukweli. Saini mbele ya wakili, hela ipite benki. Akilipa kwa awamu, karatasi orijino usitoe hadi amalize.