Somo: Namna ya kuomba tasnifu yako ichelewe kuwekwa hadharani

Kila msimu wa mahafali unapokaribia, wanafunzi wa uzamili na uzamivu hapa Dar es Salaam huniuliza swali lile lile, tena wengi wao wakiwa wamekwisha kukabidhi nakala ya mwisho maktaba: je, tasnifu inaweza kuzuiwa kwa muda isionekane mtandaoni? Inaweza, ilimradi uombe mapema. Naandika jibu lote mahali pamoja ili atakayeuliza tena aelekezwe hapa.

Hatua ya kwanza ni kusoma kanuni za masomo ya uzamili za chuo chako, kwa kuwa muda unaoruhusiwa na ofisi inayoidhinisha hutofautiana baina ya chuo na chuo.

Hatua ya pili ni kuzungumza na msimamizi wako kabla hujaandika lolote.

Hatua ya tatu ni kuchagua sababu moja iliyo nzito. Uvumbuzi ambao haujaombewa hataza (patent, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake) ni sababu nzito. Vivyo hivyo mkataba na kampuni iliyokupa takwimu zake, usalama wa watu uliowahoji, na kitabu unachokiandaa. Mwaka 2013 American Historical Association, chama cha wanahistoria wa Marekani, kilivihimiza vyuo viwaruhusu wahitimu wa uzamivu kuzuia nakala za mtandaoni kwa muda wa hadi miaka 6, kwa hofu kwamba wachapishaji wangekataa vitabu vinavyotokana na tasnifu zilizokwisha kusomwa bure. Kwetu, ambako mwanafunzi aliye Kigoma au Mtwara hutegemea nakala ya mtandaoni, naona miaka 6 ni mingi mno. Makala ya jarida peke yake ni sababu dhaifu, kwani wachapishaji wakubwa kama Elsevier hawaihesabu tasnifu kuwa chapisho la awali. Soma masharti ya jarida lako kabla ya kulitaja.

Hatua ya nne ni barua. Ipitishe kwa msimamizi na mkuu wa idara, yaani weka K.K. zote mbili, na chini ya YAH: taja tasnifu kwa jina lake kamili. Andika tarehe ambayo zuio litakwisha. Ombi linalosema “hadi nitakapokuwa tayari” halimpi mwidhinishaji kitu cha kuidhinisha.

Hatua ya tano ndiyo inayowaharibia wengi, nami naomba uisome polepole. Vyuo vingi huhifadhi tasnifu kwa programu ya DSpace, na humo faili la tasnifu na ukurasa wa maelezo yake ni vitu viwili tofauti. Mkutubi akifunga faili, ukurasa wenye jina lako, jina la tasnifu na ikisiri (muhtasari wake) hubaki wazi, na injini za utafutaji huusoma kama kawaida. Nimewahi kusoma ikisiri ya kazi iliyohusu mafuta ya maganda ya korosho, ambayo faili lake lilikuwa limefungwa, lakini sentensi yake ya nne ilitaja kiyeyusho, nyuzi joto na muda wa kuchemsha; mtu yeyote mwenye maabara asingehitaji kurasa zilizobaki. Kwa hiyo eleza ndani ya barua ni nini hasa kifungwe: faili, ikisiri, au vyote viwili. Ikiwa kanuni hazikubali ikisiri ifungwe, iandike upya ieleze tatizo na matokeo kwa ujumla bila kufichua mbinu, nawe uifanye kazi hiyo kabla watahini hawajapitisha masahihisho. Pia zuio la DSpace huisha lenyewe tarehe iliyowekwa ikifika, wala hakuna atakayekupigia simu. Anayehitaji kuongezewa muda aombe mapema.

Hatua ya sita: pata idhini kwa maandishi, kisha ukabidhi nakala yako.

Maswali ya wanachama

Mkuu, yangu iko mtandaoni tangu mwaka jana. Naizuiaje?

Zuio huombwa kabla, na nimelisema hilo katika aya ya kwanza. Unaweza kuomba iondolewe, lakini nakala zilizokwisha kupakuliwa hazirudi.

Tuwekee sampuli ya barua tunakili.

Hatua ya nne inatosha. Sababu ni yako, na barua ya kunakili hutambulika.

Huku si kuwaficha wananchi elimu waliyoilipia kodi?

Sikubaliani nawe. Ndiyo maana nimesisitiza tarehe ya mwisho: anayeficha hataji siku ya kufichua.

Shikamoo Mwalimu. Chuo chetu hakiweki tasnifu mtandaoni, ni nakala moja tu ya jalada gumu maktaba. Je, hapo hataza iko salama?

Marahaba, na nakushukuru kwa kuuliza mapema. Haiko salama. Mwaka 1986 mahakama ya rufani ya Marekani iliihesabu tasnifu moja iliyoorodheshwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Freiburg, Ujerumani, kuwa ni chapisho, na mwombaji akanyimwa hataza kwa sababu hiyo. Marekani humpa mvumbuzi miezi 12 ya kuomba hataza tangu aufichue uvumbuzi wake mwenyewe, lakini Ulaya kwa kawaida haina msamaha huo, na hata maelezo ya mdomo mbele ya hadhira huhesabiwa. Kwa hiyo omba utetezi wako ufanyike faraghani, kisha uwasilishe ombi la hataza BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni hapa nchini, au ARIPO, shirika la miliki ubunifu la kanda ya Afrika lililo mjini Harare. Ukishawasilisha, Mkataba wa Paris wa kulinda mali ya viwanda hukupa miezi 12 ya kuomba katika nchi nyingine wanachama kwa kuhesabu tarehe ile ya kwanza, na tasnifu inaweza kufunguliwa mapema kuliko ulivyodhani.

Nimepitisha kazi yangu Turnitin, ile programu ya kukagua wizi wa maandishi. Je, imevuja?

Hapana, umma hauisomi. Hata hivyo huenda imebaki katika hifadhi yao ya kulinganishia; muulize msimamizi aliipitisha kwa mpangilio gani. Mimi naiogopa zaidi steshenari ulikochapishia: wengi huhamisha faili kutoka kwenye flashi hadi kwenye kompyuta ya duka, wanalipia jalada na kuondoka. Lifute wewe mwenyewe, pamoja na lile lililotumwa kwa WhatsApp ya mwenye duka.