Namna ya Kukusanya Visa vya Wazee na Wahudumu Makaoni

Nafanya kazi katika makao ya wazee, na sehemu ya kazi yangu ni kuandika visa: vya wanaoishi pale na vya wanaowahudumia. Wageni wanaokuja kwa nia hiyo mara nyingi huenda moja kwa moja kwa mzee, wakakaa mbele yake na simu, wakamwambia, "Babu, hebu tusimulie maisha yako." Babu anasema alizaliwa, akasoma, akafanya kazi, akaoa, akazeeka. Yameisha. Yeye ana mengi, ila swali lenyewe ni pana mno, halina pa kushika.

Anza na wahudumu. Aliyemvisha mzee shati asubuhi anajua mengi ambayo hayamo kwenye faili: sikio lipi linasikia vizuri, saa ngapi anachoka, nani kafariki juzi chumba cha jirani, mtoto gani hatajwi. Ongea na dobi. Ongea na mlinzi wa getini, kwa sababu yeye anajua nani hutembelewa na nani hushinda akitazama geti, na ukishalijua hilo hutamwuliza mtu kwa uchangamfu, "Watoto wanakuja lini?"

Kisha ruhusa. Mkurugenzi wa makao anaweza kukuruhusu kuingia, lakini hawezi kumkubalia mzee. Mwombe mwenyewe, kwa maneno mepesi, na ombi uligawe vipande: niandike tu, au nirekodi na sauti? Nitumie jina lako au nilifiche? Nani asome: wanao, wenzako wa hapa, au hata watu usiowajua? Ukiondoka duniani, nimkabidhi nani? Kuna mama aliyenikubalia yote isipokuwa sauti, kwa kuwa hajaipenda sauti yake tangu alipopata kiharusi. Ni sababu ya haki kabisa, na karatasi ya kutia sahihi isingenionyesha. Kwa mwenye ugonjwa wa kusahau, yaani dimensia, idhini ya jana haitoshi. Uliza upya kila mnapokaa, hata kama familia imeshakubali, na utazame mwili wake. Akigeuza uso, au akianza kuvutavuta ukingo wa blanketi, funga daftari.

Masikio yana habari yake. Uzee kwa kawaida huanza kuchukua sauti nyembamba, kwa hiyo mzee anasikia kwamba unaongea lakini maneno hayamfikii sawasawa. Ukipiga kelele unamwongezea zogo tu. Shusha sauti iwe nzito kidogo, punguza kasi, kaa mbele yake mwanga ukiwa usoni pako ili aione midomo, na uzime televisheni. Kama anavaa kifaa cha kusikilizia, mwombe mhudumu aangalie betri. Wakati mzuri ni asubuhi, akishaoga na kumeza dawa zake. Wengi wenye dimensia huzidiwa na wasiwasi jua linapoelekea kuzama, na kumrekodi mtu katika hali hiyo ni kumwonea.

Maswali sasa. Watafiti wa kumbukumbu wameona kwamba watu wa makamo na wazee, wakiulizwa matukio ya maisha yao, hutoa kwa wingi yale ya umri wa miaka 10 hadi 30. Hapo ndipo pa kuchimba. Mshahara wa kwanza ulinunua nini? Nani alikufundisha kazi, naye alikuwa mkali au mpole? Usiku wa kwanza mbali na kwenu ulilala wapi? Usitangulize "Unakumbuka?" Kwa mtu ambaye kumbukumbu inamponyoka, hilo ni jaribio, na akishindwa atayaona masikitiko usoni pako. Bora umpe kitu cha kushika.

Tulikuwa na bibi aliyekuwa mshonaji. Akiulizwa habari za maisha alijibu, "Nimeshona, nimezaa, basi." Siku moja dobi alileta foronya zilizokauka, naye akaomba asaidie kukunja. Alipofika ya tatu akasita. Akapitisha ukucha wa kidole gumba juu ya pindo, taratibu, akasema, "Huyu alikuwa na haraka. Ona, karudia mshono palepale mara mbili." Nikamwuliza yeye alikuwa na haraka lini. Huku akikunja, akanieleza juu ya sare za shule alizopewa zote kwa mpigo, cherehani moja, mtoto mchanga mgongoni, na mteja aliyekataa kulipa kwa sababu vifungo vilikuwa vya rangi isiyo yake. Foronya zilipoisha tulizikunjua tukaanza kuzikunja upya.

Akinyamaza, nawe nyamaza. Kimya chake mara nyingi ni safari ya kwenda kuchukua neno, na ukimrushia swali jingine unamkatiza njiani. Na bibi akikwambia anangoja watoto watoke shule, usimwambie kwamba watoto hao sasa wana wajukuu. Mwulize wako darasa la ngapi, na yupi mtundu zaidi.

Zamani kurudiarudia mambo ya kale kulichukuliwa kuwa dalili ya akili kuchoka, na wahudumu walishauriwa kuwatoa wazee huko. Mwaka 1963 daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, Robert Butler, aliandika kwamba ni kazi ya kawaida ya uzeeni: mtu anayapitia upya maisha yake, anayaweka sawa yaliyobaki bila kutatuliwa. Alionya pia kwamba kazi hiyo inaweza kuibua majuto na huzuni nzito. Kwa hiyo machozi yatakuja. Mwulize kama mwendelee au mpumzike, ufuate jibu lake. Usimwache palepale kwenye jeraha ukafunga mkoba. Mrudishe polepole kwenye leo, kwenye dirisha, kwenye mgeni wa kesho. Ukitoka mwambie muuguzi kwamba mzee amehuzunika, ili amwangalie. Alichokisema usimwambie.

Wahudumu ndio wagumu zaidi kuwaandika, na kwa maoni yangu ndio wanaosahauliwa. Watakwambia "kazi ni nzuri" kwa sababu msimamizi wa zamu anapita. Kutana nao nje ya zamu, mbali na ofisi. Waambie mapema kwamba habari za ugonjwa wa mtu hazitaandikwa, na kwamba lolote linaloweza kumgharimu mtu kazi litaondolewa. Halafu uliza mambo madogo: zamu ya usiku inaanzaje? Ukiingia chumbani unagonga vipi? Kitanda kikiachwa wazi na mtu uliyemwogesha miaka, halafu mgeni akaingia upesi, unamkaribisha namna gani? Hilo la mwisho nimeliuliza watu wengi, na sijapata hata mmoja aliyelijibu harakaharaka. Wanaomboleza wakiwa kazini, mikono ikitandika shuka, na hakuna anayewapa pole.

Ukiweza, chukua tukio moja kwa sauti mbili. Mzee mmoja alikuwa akiamka saa nane usiku na kutembea ukumbini. Daftari la zamu liliandika "anatangatanga". Mhudumu wa usiku aliamua kufuatana naye badala ya kumrudisha kitandani, akagundua kwamba mzee hatembei ovyo. Alisimama kwenye kila bomba la maji ya moto, akaligusa kwa mgongo wa kiganja, akaendelea. Mchana nilimwuliza mzee kwa nini mgongo wa mkono. Alinitazama kama mwanafunzi mzito: "Ukiungua kiganja, kesho utashika spana na nini?" Alikuwa fundi wa mitambo kiwandani, zamu za usiku, ujana wake wote. Mhudumu alianza kumpitia saa nane na tochi, wakakagua pamoja, kisha mzee akalala hadi asubuhi. Ningemwandika mzee peke yake ningepata fundi. Ningemwandika mhudumu peke yake ningepata usiku wa kuchosha. Nimeviweka visa vyote viwili bega kwa bega, kila mmoja kwa maneno yake, sikuongeza kitu.

Upande wa vyombo ni mfupi. Weka simu isipokee miito, ilaze juu ya kitambaa kilichokunjwa ili meza isitie mgurumo, iwe karibu na mzungumzaji, na ujaribu kwa dakika moja kabla ya kuanza. Hifadhi nakala mahali pawili. Andika siku hiyohiyo, ukiwa bado unakumbuka mikono ilikuwa ikifanya nini, maana sauti haina mikono.

Unapoandika, acha sentensi yake ilivyo. Akikatiza, ikatike. Usimgeuze kila mzee kuwa chemchemi ya hekima; wengine ni wakali, wengine wana wivu, na mmoja wetu hadi leo hajamsamehe nduguye kwa sababu ya baiskeli. Mwaka usipolingana na mwaka mwingine, usimsute. Andika pembeni kwamba tarehe hazilingani, usonge mbele.

Kisha msomee, kabla mtu mwingine yeyote hajaona. Hii hairukwi. Chapa kwa herufi kubwa, za ukubwa wa 16 au 18, umpe na kalamu. Akifuta aya uliyoipenda kuliko zote, imefutika. Mhudumu naye asome sehemu yake kando, bila kusimamiwa. Wazee kadhaa wamekubali ukurasa mmoja wa kisa chao ubandikwe ndani ya mlango wa kabati la nguo, mahali ambapo mhudumu mgeni atauona asubuhi yake ya kwanza akitafuta shati. Mzee akifariki kabla hujamsomea, tumia kile tu alichokuwa amekikubali waziwazi. Yaliyobaki mpe mtu aliyemtaja kwa kinywa chake siku ya kwanza, na kama hakumtaja mtu, yafute.