Bogenvilea: majani tele, maua hakuna

Ukipita Milimani mjini Kisumu mwezi wa Februari, kuta zimewaka: zambarau, rangi ya chungwa, nyeupe, damu ya mzee. Rudi Mei, mvua ikiwa imekolea, na kuta zile zile ni kijani kitupu. Mwenye nyumba huongeza mbolea, huongeza maji, na mmea humjibu kwa majani zaidi. Jirani yake asiye hata na mpira wa kumwagilia ana bogenvilea kwenye kona ya ua iliyochanua hadi majani hayaonekani. Ya jirani haina uchawi, ina kiu tu.

Asili ya mmea huu ni Amerika Kusini. Philibert Commerson, mtaalamu wa mimea kutoka Ufaransa, aliukusanya Rio de Janeiro mwaka 1767, na ukapewa jina la kiongozi wa msafara wake, Louis-Antoine de Bougainville. Kile tunachokiita ua ni majani matatu yaliyogeuka rangi, mepesi kama karatasi. Ua lenyewe ni kijimrija cheupe kilicho katikati. Jambo hili si la darasani tu, kwa sababu karatasi hizo hutoka kwenye vitawi vipya, na kitawi kipya huamua mapema kitazaa maua au majani. Katika nchi zilizo mbali na ikweta, kinachokisukuma kuchagua maua ni siku kuwa fupi. Kwetu, ambako mstari wa ikweta unapita Maseno upande wa Kisumu na Mogotio upande wa Nakuru, mchana una urefu ule ule wa saa kumi na mbili mwaka mzima. Kinachobaki kuuambia mmea kwamba wakati wa maua umefika ni ukavu. Ukiuondolea ukavu huo kwa kumwagilia kila jioni, umeunyima habari.

Kabla ya maji, jua. Saa sita za jua kali kwa siku ndicho kiwango cha chini. Chini ya mwembe au upande wa ukuta usioonja jua, utapata mtambaa mrefu wenye miiba na hakuna mbolea itakayokuokoa.

Udongo ndipo Kisumu na Nakuru zinapoachana. Nakuru, hasa pande za Menengai, ardhi ni majivu ya volkano, mepesi, na maji hupita haraka. Mizizi ya bogenvilea inapenda hivyo. Chimba shimo la sentimita 60 kila upande, changanya udongo wa juu na debe moja la samadi iliyooza vizuri, panda, basi. Upande wa Kisumu, Nyamasaria na kuelekea Ahero, ni kisa kingine. Ule udongo mweusi wa mfinyanzi ukiuchimba shimo, umetengeneza karai. Mvua ya Aprili hulijaza, maji hayana pa kwenda, na mizizi huoza ungali unasifia shimo lako la kina. Hapo usichimbe chini, jenga juu: tuta la sentimita 30 hadi 40 kwenda juu, upana wa mita moja, kwa mchanganyiko wa madebe mawili ya udongo, debe moja la mchanga wa ujenzi wenye chembe kubwa na debe moja la samadi au mboji. Maganda ya mpunga yanayorundikwa kwenye vinu vya Ahero yanafaa kulegeza udongo huo, nusu debe kwa kila tuta. Mboji ya gugumaji la ziwani pia ni nzuri, ila ioze kabisa. Ikiwa bado inatoa joto ukiingiza mkono, iache wiki chache zaidi.

Kama unapanda ua wa kuzuia watu badala ya kayaba, acha mita 1 hadi 1.5 kati ya mche na mche. Kwa pambo la lango, mmoja kila upande unatosha, nao baada ya miaka mitatu utaona hata huo mmoja ni mwingi. Usiupande chini ya mita moja kutoka ukutani.

Siku ya kupanda, ogopa mizizi. Ya bogenvilea ni myembamba na hukatika kama tambi kavu, na mche uliovunjwa mizizi hukaa miezi bila kusogea, au hufa. Usiushike shina ukavuta. Mwagilia mfuko siku moja kabla ili udongo ushikamane, kata sehemu ya chini ya mfuko kwa wembe, uweke shimoni, kisha pasua upande na uuchomoe mfuko, mche ukiwa tayari umeshikiliwa na udongo. Pacha ya shina na mizizi ibaki usawa ule ule iliokuwa nao kitaluni.

Ukinunua kwenye vitalu vya kando ya barabara, angalia mche wenye rangi tatu kwa makini. Kuna ule uliounganishwa kwa ustadi, rangi zote zikitoka kwenye shina moja, na kuna ule ambao ni miche mitatu iliyotiwa kwenye mfuko mmoja. Fukua udongo kidogo kwa kidole uhesabu mashina. Huo wa pili hauna ubaya kwa bei ndogo, ila zambarau ina nguvu kuliko wenzake na ndani ya miaka michache itawameza, isipokuwa uikate mara mbili kwa kila mara moja unayokata wengine.

Kuotesha mwenyewe ni rahisi na ni kwa bure. Mwanzo wa mvua, kata vipande vya tawi lililokomaa, lenye rangi ya kijani inayoanza kugeuka kahawia, unene wa penseli au zaidi kidogo, urefu wa sentimita 15 hadi 20, kila kimoja kikiwa na vifundo vitatu au vinne. Chini kata mshazari, juu kata sawasawa, ili usije ukapanda kichwa chini. Hilo hutokea sana. Ondoa majani yote. Dawa ya kuotesha mizizi inayouzwa agroveti husaidia, lakini si lazima. Chomeka theluthi mbili ya kipande kwenye mchanga wa chembe kubwa uliochanganywa na udongo kidogo, weka kivulini, na uwe na unyevu bila kulowa.

Baada ya wiki tatu hivi vichipukizi vitatokeza, na hapo ndipo wengi hukosea. Majani hayo yanakula akiba iliyo ndani ya mti, mizizi bado haijaanza. Anayehamisha wakati huo, au anayevuta kidogo "kuona kama imeshika", amemaliza kazi yake mwenyewe. Mizizi huchukua wiki 6 hadi 8 Kisumu, na Nakuru, ambako Julai usiku ni baridi, inaweza kuzidi 10. Ngoja majani ya pili na ya tatu. Ukihitaji miche mitano, chomeka vipande kumi, maana vingine hukataa bila sababu, na mchwa nao hupenda mti mkavu uliosimama ardhini.

Sasa maji. Mwaka wa kwanza mwagilia kama mmea wowote: ndoo ya lita 10 mara mbili kwa wiki wakati wa kiangazi. Ukishashika, kwenye ardhi usimwagilie tena isipokuwa kiangazi kimerefuka na majani yanalegea asubuhi. Kulegea saa nane mchana si kiu, ni joto. Jioni yatasimama yenyewe.

Mmea wa chunguni ndio unaoweza kuuamrisha kabisa. Acha kumwagilia hadi majani yaanze kuning'inia asubuhi, kisha mimina maji mpaka yatoke chini, halafu acha tena. Rudia hivyo kwa wiki tatu hadi nne. Mara utaona kwenye ncha za vitawi vitone vidogo vyenye rangi, ukubwa wa punje ya mchele. Siku hiyo badilisha mwendo: mwagilia kila udongo wa juu unapokauka kina cha kifundo kimoja cha kidole. Ukiendelea kuutesa kwa kiu baada ya rangi kuonekana, utaangusha maua yote kwa usiku mmoja. Chungu chenyewe kiwe cha sentimita 30 hadi 40, chenye matundu wazi, na usikimbilie kuuhamishia kwenye kikubwa, kwani mizizi iliyobanwa huchanua vizuri. Miaka miwili au mitatu inatosha kabla ya kubadilisha. Ondoa kile kisahani cha chini wakati wa mvua.

Mbolea iwe kwa mkono mfupi. Yurea na CAN, mbolea zenye nitrojeni nyingi, ziache kwa mahindi. Nitrojeni nyingi ndiyo hutoa yale matawi marefu mazito yasiyo na ua hata moja. Tumia NPK ya 17-17-17, yenye nitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa kiasi sawa: kizibo kimoja cha soda kwa chungu kila wiki nane, na kiganja kimoja mara mbili kwa mwaka kwa mmea mkubwa ulio ardhini, ukiitawanya sentimita 30 kutoka shinani na kuifukia. Mmea ulio kando ya boma la ng'ombe au unaopata maji ya kuoshea vyombo vya samadi hauhitaji kitu. Tatizo lake ni shibe.

Kupogoa ndiko kunakofuata kiu kwa umuhimu. Kila kundi la maua likishanyauka, kata kitawi hicho kwa theluthi moja ya urefu wake, juu kidogo ya kifundo kinachotazama nje. Vitawi vipya huchukua wiki 6 hadi 10 kufika maua, kwa hiyo hesabu nyuma. Kisumu kata mwisho wa Mei, upate maua ya Julai na Agosti, kisha kata tena mwishoni mwa Novemba, mvua za vuli zinapoaga, upate yale ya Januari na Februari. Nakuru ule mkato wa Mei una faida ndogo kwa sababu Julai na Agosti mvua bado inanyesha. Weka nguvu kwenye wa Novemba. Kakamega, ambako mvua haikosi miezi mingi, tumaini chungu kuliko ardhi, ukikisogeza chini ya upenu mvua isipokifikia lakini jua likiingia.

Majani mapya yakiwa ya njano huku mishipa ikibaki kijani, mmea haupati madini ya chuma. Nakuru hili huletwa mara nyingi na maji ya kisima kirefu, yenye magadi, yanayokifungia chuma ndani ya udongo wa chunguni. Tumia maji ya mvua, na nunua agroveti mbolea ya kunyunyizia majani yenye chuma. Usitie majivu hapo, ingawa kwenye udongo mwekundu wenye asidi wa Kakamega majivu kiasi hayana neno. Njano ya majani ya zamani, yanayodondoka huku udongo umelowa, ni mizizi kuoza, na dawa yake ni kuacha maji.

Kingo za majani zikiwa zimeliwa kama kwa mkasi na wewe huoni mdudu, tafuta usiku kwa tochi. Ni viwavi wembamba wanaotembea kwa kujikunja upinde, mchana wamejinyoosha kama vijiti. Waokote, au nyunyizia maji ya mwarobaini jioni. Vidukari na wale wadudu weupe wenye unga kama pamba huondoka kwa kijiko kidogo cha sabuni ya maji kwenye lita moja, ukielekeza chini ya majani, mara tatu, kila baada ya siku saba. Madoa ya kahawia wakati wa mvua ni ya kuvu. Punguza matawi ya katikati upepo upite.

Kwenye ile aina yenye majani ya mabaka meupe, kikitokea kitawi cha kijani kitupu kikate pale kilipoanzia siku hiyo hiyo, la sivyo kitautawala mti mzima.

Bogenvilea ya miaka kumi iliyoachwa ikapanda paa haikatwi yote kwa siku moja. Nusu ya matawi makubwa msimu huu, hadi urefu wa kiuno, nusu nyingine msimu ujao. Vaa glavu za ngozi na mikono mirefu, kwani miiba huchoma na utomvu huwasha. Matawi uliyokata yakusanye yote siku hiyo hiyo. Yakikauka njiani, mwiba wake hupenya ndala na gurudumu la baiskeli.