Maswali matatu ya ajenti: jinsi ya kumchagua wa kuuza nyumba ya mirathi

Mimi ni ajenti wa nyumba hapa Mombasa, na kazi inayonitoa jasho kuliko zote ni kuuza nyumba ya marehemu. Wanunuzi wapo. Tatizo ni kwamba ajenti huitwa kabla ya wakili, na bango la "Nyumba inauzwa" hutundikwa matanga hata hayajaanuliwa. Nitakayoeleza ni ya Kenya, na mengine ni ya pwani hasa.

Hatua ya 1: Jua umefika wapi mahakamani

Kabla ya kumpigia ajenti yeyote, zitandaze mezani karatasi ulizo nazo. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, kifungu cha 82, inamkataza msimamizi wa mirathi kuuza ardhi au nyumba kabla mahakama haijauthibitisha usimamizi wake. Hapo ndipo watu wanapochanganya karatasi mbili. Ya kwanza ni barua ya usimamizi, inayotolewa baada ya tangazo kukaa siku 30 katika Gazeti Rasmi la Serikali bila pingamizi. Ukiwa nayo unaweza kulinda mali, kukusanya kodi za wapangaji na kulipa madeni. Kuuza nyumba, bado. Ya pili ni cheti cha uthibitisho, ambacho kwa kawaida huombwa miezi 6 ikishapita, na ndicho kinachotaja kila mrithi na fungu lake.

Asiye hata na ile ya kwanza, akauza, ameingilia mali ya marehemu. Kifungu cha 45 kinaliita hilo kosa: faini isiyozidi shilingi 10,000, au kifungo kisichozidi mwaka 1, au vyote viwili.

Familia nyingi za Kiislamu hupeleka mirathi kwa Kadhi na mafungu hufuata sheria ya dini. Kama yenu ni mojawapo, tafuta ajenti asiyehitaji kuelezwa kwa nini mjane mwenye watoto anapata thumuni, yaani sehemu moja ya nane.

Hatua ya 2: Piga simu, kisha nyamaza

Chukua maajenti watatu. Kwa kila mmoja sema tu, "Nina nyumba ya marehemu baba, nataka kuuza," halafu umwache azungumze. Unasubiri maswali matatu.

"Hati ina jina la nani?" Mara nyingi si la baba. Ni la babu, aliyefariki zamani na mirathi yake haikufunguliwa kamwe. Basi kuna mirathi mbili za kumaliza, na ajenti aliyezoea kazi hii atakwambia hivyo siku hiyohiyo, ingawa anajua huenda ukamkimbia.

"Cheti cha uthibitisho kimetoka? Kinasemaje?" Kusema kwake ni muhimu kama kutoka kwake. Kikisema nyumba iuzwe na pesa zigawanywe, msimamizi ndiye muuzaji. Kikisema nyumba ni ya Fatuma, Omari na Salim kwa mafungu, basi hao watatu ndio wenye mali, na sahihi ya kaka mkubwa peke yake haitoshi, hata kama ndiye aliyelipia mazishi.

"Mzee alifariki lini?" Hili ndilo linalonionyesha nani anaijua kazi. Kodi ya faida ya mtaji, yaani ile inayotozwa kwenye faida ya kuuza mali kama nyumba, ilikuwa asilimia 5, ikapanda hadi 15 kuanzia Januari 2023. Lakini mali inayouzwa ili kumaliza mirathi haitozwi kodi hiyo ikiwa mauzo yamekamilika ndani ya miaka 2 tangu kifo, au ndani ya muda zaidi ambao Kamishna wa kodi ameuruhusu kwa maandishi. Kama kulikuwa na kesi juu ya mirathi hiyo, miaka 2 huhesabiwa tangu kesi ilipokwisha. Ajenti asiyeuliza tarehe ya kifo anaweza kukukokota hadi mwezi wa ishirini na tano.

Na yule ambaye swali lake la kwanza ni "Mnataka ngapi?" na la pili ni "Nije na mteja kesho?", mshukuru, ukate simu.

Nakumbuka ndugu wanne wa Kisauni, mmoja wao yuko Muscat. Broka wa mtaani aliwaletea mnunuzi mwenye pesa taslimu kabla ya uthibitisho. Wakapokea laki sita, wakaandikishana kwenye karatasi ya daftari, laki mbili zikaenda kwenye paa na nyingine kwa karo. Dada wa Muscat alipopata habari akaweka pingamizi. Mnunuzi akataka pesa zake, na zilikuwa zimeshaliwa. Mimi niliitwa miaka 3 baadaye, nyumba ina mpangaji asiyelipa na ndugu hawasalimiani.

Hatua ya 3: Usajili

Hii ni fupi. Sheria ya Mawakala wa Ardhi na Nyumba, Sura ya 533, inamtaka kila ajenti awe amesajiliwa na bodi yao. Omba namba yake ya usajili, kisha uliza bodi yenyewe, usitosheke na kadi yenye picha ya ghorofa. Brokazi wengine ni waungwana na wana wateja kuliko sisi, nakiri. Lakini akitoweka broka, huna pa kumshtaki ila polisi.

Hatua ya 4: Je, ni nyumba, au ni nyumba na ardhi?

Anayetoka bara atashangaa. Mombasa kuna nyumba bila ardhi: nyumba ni yako, kiwanja ni cha mtu mwingine unayemlipa kodi ya kiwanja. Marehemu aliacha kuta, paa na haki ya kukaa hapo, basi. Muulize ajenti amewahi kuuza nyumba ya namna hiyo, na mwenye kiwanja alishirikishwa vipi. Jibu zuri lina risiti za kodi ya kiwanja ndani yake, pamoja na mwenye ardhi kukubali kwa maandishi kumtambua mnunuzi. Akiitangaza kama "ploti yenye hati", kimbia.

Hatua ya 5: Bei isitoke kwa ajenti

Mlipe mthamini aliyesajiliwa, na ripoti ipelekewe kila mrithi, aliye Likoni na aliye London. Ajenti anayetaka kazi atataja bei ya kukufurahisha, halafu aishushe kidogokidogo mkiwa mmechoka. Na ndugu wasipokuwa na karatasi ya mthamini, kila mmoja atashuku kwamba mwenzake amekula kitu chini ya meza.

Hatua ya 6: Mkataba

Mkataba wenu na ajenti utiwe sahihi na wasimamizi wote waliotajwa na mahakama. Wakiwepo watoto wadogo, sheria inataka wasimamizi wasiopungua wawili. Andikeni kamisheni kwa asilimia na kwa shilingi: asilimia 3 ya milioni 8 ni 240,000, na ndugu yeyote anaielewa namba hiyo. Ilipwe mauzo yakishakamilika, itoke kwenye pesa za mirathi kabla ya mgawo, isitoke mfukoni mwa aliyemleta ajenti. Mpe ajenti miezi 3 au 4, si "mpaka iuzwe".

Amana ya mnunuzi, ambayo kwa desturi ni asilimia 10, iende kwenye akaunti ya wakili. Ajenti akikwambia ni rahisi zaidi iingie kwa simu yake, rudisha funguo zako jioni hiyohiyo.

Mwisho, mwombe aweke orodha ya kila aliyekuja kuiona nyumba na bei aliyotaja. Msimamizi atatakiwa kutoa hesabu, na siku dada wa Muscat atakapouliza kwa nini iliuzwa kwa bei ile, utamtumia picha ya orodha hiyo.