Pedi ya kaptula ya baiskeli: ibonyeze kwa kidole gumba kabla ya kulipa

Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko Kawangware, Nairobi, na Jumapili alfajiri huwa barabarani na baiskeli. Kwa hiyo safari yangu ya kwanza ya Magadi niliona ni aibu kununua kaptula ya baiskeli, ile yenye pedi, yaani sponji ya kukalia iliyoshonewa ndani, ilhali mikono ninayo. Nilichukua taiti nyeusi, nikakata sponji ya godoro unene wa vidole viwili, nikaishonea katikati kwa uzi maradufu.

Kufika Kiserian sponji ilikuwa imelowa chepechepe. Kona Baridi, pale unapoanza kuliona Bonde la Ufa, ilikuwa imejikunja upande mmoja kama nepi ya mtoto. Kutoka mjini hadi Magadi ni kama kilomita 110. Mimi niliishia Olorgesailie, nikarudi nyuma ya pikapu iliyobeba mbuzi, nimesimama kama wao. Wiki nzima iliyofuata nilikalia stuli ya cherehani kwa tako moja.

Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba pedi nzuri ni ile nene na laini. Ukiwa kwenye baiskeli, uzito wa kiwiliwili hubebwa zaidi na mifupa miwili iliyo chini ya makalio. Sponji laini ikikaliwa na mifupa hiyo hudidimia mpaka mwisho, mfupa ukafika kwenye kiti kana kwamba hujavaa kitu, halafu sponji iliyobaki hupanda pembeni na kuzibana sehemu ambazo hazikupaswa kubeba uzito wowote. Ndiyo maana ganzi huanzia mbele, si nyuma.

Basi anza kwa kuijua mifupa yako. Weka kipande cha boksi juu ya ngazi ya saruji, kikalie, inama kidogo kama umeshika usukani, kisha nyanyuka. Utaona mabonde mawili. Pima kutoka katikati ya moja hadi katikati ya jingine kwa futi ya cherehani. Yangu ni sentimita 13. Sehemu ngumu za pedi lazima ziangukie hapo, na kiti chenyewe kiwe kipana kuliko kipimo hicho. Kama kiti hakikufai, hakuna kaptula itakayokuokoa. Kikiwa juu mno pia, kiuno kitayumba huku na huku kila ukikanyaga pedeli, na ngozi itachubuka hata ndani ya kaptula ya bei mbaya.

Baada ya aibu ile niliichukua kaptula kuukuu ya rafiki yangu nikaipasua pedi kwa mkasi nione kuna nini. Juu kulikuwa na kitambaa chembamba, laini, cha kuvutika. Chini yake sponji nyembamba, na chini ya hiyo vipande viwili vya sponji nzito, ngumu kama kandambili mpya, vimekaa mahali pa mifupa tu. Katikati palikuwa na mfereji. Tabaka zote zilikuwa zimegandishwa kwa joto. Hapakuwa na uzi hata mmoja upande unaogusa ngozi. Mimi niliyepitisha mshono wa uzi maradufu katikati kabisa nilicheka peke yangu.

Nikienda soko la mitumba la Gikomba sasa, najua cha kutafuta. Geuza kaptula ndani nje. Bonyeza pedi kwa kidole gumba penye sehemu nene: kidole kikigusana na kile kilicho upande wa pili bila taabu, rudisha. Ukikiondoa, pedi inyanyuke mara moja. Ikibaki na shimo, imeshachoka. Pitisha kiganja katikati ukisaka mshono au ukingo uliosimama. Vuta lastiki ya mapajani usikilize, maana iliyokufa hulia kama uzi mkavu unaokatika. Wanawake, tafuteni pedi pana upande wa nyuma na fupi mbele. Za wanaume huwa ndefu mbele. Ukiijaribu, usiihukumu ukiwa wima. Inama, chuchumaa. Ikikubana kidogo ukiwa umesimama, hiyo ndiyo saizi yako, kwa sababu kaptula inayocheza ndiyo inayochubua.

Zile zenye mikanda ya mabegani hushikilia pedi vizuri zaidi na hazikati tumbo. Ila dada yangu, kuvua jezi yote nyuma ya kichaka kwenye barabara ya Magadi, na vichaka vyenyewe vya miiba, hilo lifikirie mapema.

Chupi inabaki nyumbani. Najua mnavyoona haya, hata mimi niliona. Lakini pamba hunyonya jasho ikalishikilia, na mishono ya chupi hukaa palepale penye msuguano. Pedi imetengenezwa iguse ngozi.

Mafuta nayo yana historia yake. Zamani pedi ilikuwa ngozi halisi ya mnyama wa jamii ya mbuzi anayeishi milimani Ulaya, nayo ikifuliwa ilikakamaa, hivyo waendeshaji waliipaka mafuta ilainike. Leo tunapaka kupunguza msuguano. Paka kidogo kwenye mikunjo ya mapaja na penye mifupa. Mafuta ya mgando yanasaidia ukikosa mengine, lakini huziba kitambaa na hayatoki kirahisi kwenye kufua. Kisha, kila baada ya dakika kumi au kumi na tano, simama juu ya pedeli kidogo, damu ipite.

Ukifika nyumbani vua papo hapo, kabla ya chai na kabla ya kusimulia. Jasho likikaukia mwilini ndipo majipu yanapozaliwa. Fua kwa mkono, sabuni ya kawaida, bila dawa ya kulainisha nguo, suuza mpaka maji yawe meupe, kamua bila kusokota, anika kivulini pedi ikiwa nje. Mwezi wa Julai Nairobi haikauki kwa siku moja, kwa hiyo uwe nazo mbili. Usivae yenye unyevu.

Na kila baada ya miezi michache inyooshe sehemu ya nyuma kwenye mwanga wa dirisha. Ukiona vidole vyako upande wa pili, wanaokufuata kwenye mlima wa Kiserian wameona mengi tayari.