Mtwara ya X-Plane ifanane na Mtwara yenyewe

Wadau, ukishuka HTMT, yaani uwanja wa ndege wa Mtwara, kwenye X-Plane, ile simuleta ya kurusha ndege, unakuta nyumba za kizungu kabisa, inauma. Anza na Ortho4XP, programu ya kutandaza picha za satelaiti juu ya ardhi ya X-Plane, ni ya bure, chagua kipande cha ramani cha -11 +040 (latitudo na longitudo) ndo chenye Mtwara na Mikindani, zumu (ukali wa picha) 17 inatosha, ukizidisha diski inajaa fasta. Ila picha peke yake inakuwa bapa, kwa hiyo fungua World Editor, programu ya kuhariri mandhari ya X-Plane, uchore poligoni (maeneo yaliyozungushiwa mistari) za miti, na hapa usiwe na haraka: mikorosho ni mifupi, imetanuka, ina kijani kizito, ipe nafasi, minazi isogeze pwani, halafu nyumba toa vigae weka bati lenye kutu na makuti, zile za mawe ya matumbawe ni za Mikindani. Picha za kiangazi na za mvua usichanganye.